Kata ya Reli isiyo na reli: picha za garimoshi nilizozikuta kwenye bati la biskuti la bibi, Mtwara

Mwana Shangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu kidogo, naombeni uvumilivu.

Wiki mbili zilizopita tulisoma arobaini ya bibi yetu mzaa baba, hapa hapa Mtwara. Wageni walipoondoka, shangazi akatuita chumbani tukafungua sanduku lake. Juu kulikuwa na kanga ambazo hakuwahi kuzivaa, katikati karatasi za kiwanja, na chini kabisa bati la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Sote tulidhani ni pesa. Shangazi alipofungua tukakuta picha saba nyeusi na nyeupe, zimefungwa kwenye kipande cha shuka.

Picha tano ni za treni. Garimoshi lenyewe, la kuchemsha maji, lenye bomba la moshi mbele.

Niwaeleze zile mbili ambazo tangu siku hiyo zinaninyima usingizi. Ya kwanza inaonyesha kichwa cha treni kimesimama, na mbele yake wanaume tisa wamejipanga. Wawili wamevaa kofia za jua, wako katikati, wamekaa kwenye viti. Saba ni Waafrika, wamesimama, watatu kati yao hawana viatu. Wa pili kutoka kushoto ameshika kopo lenye mdomo mrefu kama wa birika. Shangazi anaamini huyo ni babu, mume wa bibi, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Hana uhakika, kwa sababu babu anayemkumbuka yeye ni mtu mzima mwenye mvi, na huyu ni kijana wa miaka ishirini na kitu.

Ya pili haina mtu karibu. Kuna dude refu la chuma kama pipa kubwa, halina magurudumu, limelazwa juu ya magogo. Nyuma yake yapo maji na miti. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli neno moja na mwaka: Mkwaya 1949.

Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa. Kata ya Reli nimepita maisha yangu yote, nimenunua samaki, nimehudhuria harusi. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini inaitwa Reli wakati hakuna reli. Nimeona aibu kubwa.

Nimekuwa nikisoma na kuulizia. Kwa ufupi, Waingereza baada ya vita ya pili walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakaja na mpango wa kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilitegemewa sana. Ila karanga za Nachingwea zingetokaje? Bandari ya Lindi ina kina kifupi, meli kubwa haisogei. Ndipo ikaamuliwa ijengwe bandari mpya yenye kina kirefu Mtwara, na reli ya kuifikisha bara. Karanga zikagoma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, zikiwa zimekwishapotea pauni kama milioni 36. Reli ilibaki ikitafuta mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Anayejua kusoma picha za namna hii anisaidie: hiki ni kichwa gani, na huyu mwenye kopo alikuwa na kazi gani? Na mwenye mzee aliyefanya kazi kwenye reli ya kusini, au aliyewahi kuipanda tu, tafadhali ajitokeze.

Picha nimeziambatanisha hapo chini.

Kusini Kwetu

Mkuu pole kwa msiba, Mungu amrehemu bibi.

Ila hiyo reli si ya Mwingereza. Ni ya Mjerumani. Wazee wetu wote wanasema reli ni kazi ya Mjerumani, Mwingereza alikuta.

Lukuledi

Kusini Kwetu, hapo ndugu yangu naomba tuelewane taratibu. Mjerumani alijenga ile ya Tanga kwenda Moshi, na ile ya kati kutoka Dar hadi Kigoma, ambayo ilifika ziwani 1914. Huku kusini hakujenga reli kuu. Ushahidi ninao wa nyumbani: mifupa ya mijusi mikubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ambayo sasa iko Berlin, ilifikishwa Lindi vichwani mwa watu, mzigo kwa mzigo, mwendo wa siku kadhaa. Kungekuwa na treni wasingebebeshwa wapagazi mfupa wa paja.

Vireli vidogo vya mashamba ya mkonge, vile vya vigari vya kusukuma, ndivyo vilivyokuwepo Lindi. Wazee wengi wanavichanganya.

Sasa mleta uzi, hiyo picha ya pili. Mimi ni mtu wa Mingoyo, Mkwaya ni jirani zangu. Miti hiyo nyuma ya pipa ni mikoko. Umeona mizizi inavyosimama juu ya tope? Huo ni mkono wa bahari unaoingia mto Lukuledi. Na mwaka unakubali kabisa. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954. Kabla ya hapo vifaa vingi vya Nachingwea vilishushwa Mkwaya. Meli ilitia nanga mbali, mzigo ukahamishiwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gati la Mkwaya. Reli ya kwanza kabisa ilianzia pale, si Mtwara. Ilipita Ruo ikafika Nachingwea mwaka huo huo wa 1949. Kipande cha kutoka Mtwara kilikuja kuunganishwa Ruo baadaye, na tawi la Masasi baadaye zaidi.

Kwa hiyo una picha ya treni ikiingia kusini vipande vipande. Itunze sana.

Mwana Shangani

Lukuledi, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mimi nilidhani "Mkwaya" ni jina la mtu.

Nachi Damu

Naweka kambi hapa. Mimi ni wa Nachingwea na nakazia hilo la majina. Kwetu tuna kata inaitwa Stesheni. Ukimuuliza kijana wa leo stesheni ya nini, atakwambia ya mabasi. Mtwara wana Reli, sisi tuna Stesheni, na katikati hakuna hata msumari mmoja uliobaki kuziunganisha.

Tunapenda kusema Nachingwea ni ya wapigania uhuru, kwamba FRELIMO wa Msumbiji walifanya mazoezi yao hapa, na ni kweli, tunajivunia. Lakini kabla ya kambi kulikuwa na karanga, na kabla ya karanga kulikuwa na watu waliohamishwa wapishe matrekta. Hizo picha zitafutwe zote.

Mstaafu Tabora

Nawasalimu vijana wangu. Nilikuwa karakana ya reli Tabora kwa miaka mingi, na nilipoanza kazi vichwa vya mvuke bado vilikuwa vinapumua. Nijaribu kumsaidia mjukuu wangu.

Kwanza, namna ya kukitambua kichwa. Kuanzia 1949, baada ya reli za Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa shirika moja mwaka 1948, vichwa vilipewa namba mpya, na mara nyingi namba yenyewe inakupa jibu. Tarakimu mbili za mwanzo ni aina, zinazobaki ni nafasi yake katika aina hiyo. Ukiona 2921 ujue ni aina ya 29, kichwa cha 21. Hao aina ya 29 walipewa majina ya makabila yetu ya Afrika Mashariki. Aina ya 59, wale majitu wa pande mbili walioundwa na Beyer, Peacock kule Manchester, walipewa majina ya milima. Hao walikuwa na uzito wa tani 252 kila mmoja, lakini usiwatafute kwenye picha zako, hao walikuwa wa njia ya Mombasa.

Namba ikiwa haionekani, hesabu magurudumu upande mmoja, kisha zidisha mara mbili. Madogo ya mbele, makubwa ya katikati yanayounganishwa na mtaimbo, madogo ya nyuma. Kichwa chenye gurudumu dogo moja mbele, makubwa manne, na dogo moja nyuma kinaitwa mbili-nane-mbili. Ukishapata hesabu hiyo umeshapunguza utafutaji kwa kiasi kikubwa. Halafu tazama ubavuni, sehemu ya mbele karibu na bomba la moshi, kuna kibati cha kiwanda. Kibati chenye umbo la almasi mara nyingi ni cha North British ya Glasgow.

Kwenye picha yako ya kwanza hao waheshimiwa na viti vyao wamekaa hasa mbele ya magurudumu. Na kijana wa mwisho kulia amesimama mbele ya namba.

Pili, yule mwenye kopo. Kopo lile la mdomo mrefu ni la kutilia mafuta kwenye viungo vya mtaimbo na vikombe vya ekseli, mahali mkono haufiki. Halishikwi na mtu wa njiani. Anayelishika ni mtu wa kichwani: dereva, mchochea moto, au msafishaji anayejifunza kuwa mchochea moto. Zama zile daraja za kazi zilikwenda kwa rangi. Uendeshaji kwa kawaida waliuweka kwa Mzungu na Mhindi, Mwafrika akawa chini yao. Kwa umri anaouonyesha, ningesema huyu kijana ni msafishaji au mchochea moto. Na tazama mkono wake wa kushoto: ana tambara limekunjwa vizuri. Huyo ni mtu anayeipenda kazi yake.

Mwana Shangani

Shikamoo mzee wangu.

Tambara sikuliona. Nimeikodolea macho hii picha wiki mbili na sikuliona. Nimeipeleka sasa hivi kwa shangazi na kioo cha kukuzia, ameangalia, akakaa kimya, halafu akasema baba yake hakuwahi kukaa bila kitambaa mkononi hadi anakufa. Alikuwa anafuta kila kitu. Baiskeli, redio, mlango.

Mstaafu Tabora

Marahaba mwanangu. Basi ni yeye.

Nikuongezee jambo, maana naona vijana wengi mnaiogopa mashine hii kama uchawi. Ni birika tu lililofungwa. Moto uko nyuma, kwenye tanuru. Moshi wa moto haupandi juu moja kwa moja, unapitishwa ndani ya mabomba mengi membamba yaliyozama kwenye maji ya boila, ndipo unatokea mbele kwenye dohani. Maji yakichemka bila pa kutokea, mvuke unajikusanya kwa nguvu. Dereva akifungua valvu, mvuke unakwenda kwenye silinda, unasukuma pistoni, pistoni inasukuma mtaimbo, mtaimbo unazungusha gurudumu. Mvuke uliochoka unatolewa kupitia dohani, ndiyo ile sauti ya kupumua mnayoisikia kwenye filamu, na kila pumzi inavuta hewa mpya kwenye moto. Ndiyo maana ikivuta mzigo kwa nguvu, moto nao unakolea wenyewe.

Lile pipa la Mkwaya ndilo boila. Lilisafirishwa peke yake kwa kuwa ni zito, na fremu na magurudumu vikaja kwa zamu yake.

Mchochea moto kazi yake ilikuwa mbili kwa wakati mmoja. Jicho moja kwa moto, jingine kwa kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya dari ya tanuru, chuma kinaungua, boila linapasuka, na hapo hakuna wa kuhadithia. Babu yako alikuwa ameshika roho za watu.

Na kama mnataka kuitafuta njia ya zamani, msitafute reli, tafuteni maji. Garimoshi lina kiu kuliko mnyama yeyote. Pale liliposimama kunywa, pana msingi wa zege wa tangi. Kisha tafuteni kalvati na tuta lililonyooka lisilofuata mwinuko wa ardhi. Barabara ya miguu inapinda kukwepa kilima, treni haiwezi, kwa hiyo hukata kilima au hujaza bonde. Chuma kiling'olewa kwa sababu kinauzika. Tuta hakuna wa kulinunua.

Binti wa Mikindani

Mzee Mstaafu Mungu akuweke. Kuna mwinuko fulani nimeupita tangu utoto, watu wanautumia kama njia ya baiskeli, umenyooka kama rula. Nimeuelewa leo.

Mleta uzi, nina ombi kuhusu picha zenyewe. Nafanya kazi ya studio. Naona kwenye uliyoambatanisha ya nne kuna kona imenata kwenye kitu, kama kioo. Tafadhali USIIBANDUE. Uso wa picha ndio umenata, ukivuta unabaki na karatasi nyeupe na babu anabaki kwenye kioo. Ipige picha hivyo hivyo na kioo chake.

Msizifanyie laminesheni, hata kama jirani ana mashine na anafanya kwa bei rahisi. Ule moto na gundi haviwezi kutolewa tena. Msifute kwa maji wala mate. Unyevu wa hapa kwetu pwani ndio adui mkubwa, fangasi wanakula picha kama mchwa, kwa hiyo zitoeni kwenye bati na kwenye nailoni, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, kabati lililo mbali na ukuta wa nje. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, juu ya kitu kigumu, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inapenya na kutokea usoni.

Kwa simu: dirishani, kwenye kivuli, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Kama utapata skana, weka nukta 600 kwa inchi usishuke. Ndipo tutaweza kukuza ile kona na kumsogelea yule anayeziba namba.

Kusini Kwetu

Nakubali nilikosea kuhusu Mjerumani. Ahsante Lukuledi.

Naongeza hili. Kila zikija habari za reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay, watu wanaandika kwamba kusini haijawahi kuona treni. Nami nimewahi kuandika hivyo. Kumbe tumewahi kuwa nayo, yenye upana ule ule wa mita moja kama ya kati, ila haikuunganishwa na nyingine yoyote. Ilianza baharini na kuishia msituni. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwana Shangani

MREJESHO.

Wakuu, nimekaa kimya siku tisa kwa sababu. Nimefanya kama Binti wa Mikindani alivyoelekeza, nimeskani zote saba, nimechapisha nakala kubwa, asili zimehifadhiwa.

Juzi nilikwenda na nakala hizo kwa mzee mmoja Mikindani, rafiki wa marehemu babu mkubwa. Sitaweka jina lake hapa. Anasikia kwa shida lakini macho yanaona. Nilimpa picha ya kwanza nikitarajia aniambie kuhusu treni. Hakuitazama treni kabisa. Aliweka kidole juu ya mtu wa kwanza kushoto akataja jina. Akahamia wa pili, akataja jina la babu yangu kabla sijamwambia mimi ni nani. Wa tatu jina. Wa nne akasita, akasema "huyu alikuwa mtu wa Newala, alikuwa anaimba", jina limempotea. Hivyo hivyo hadi mwisho. Waafrika saba, amewajua sita. Hao wawili wa kwenye viti hakuwagusa, nikamuuliza, akasema hao walibadilishwa mara nyingi.

Kumbe yeye alikuwa mtoto, mama yake alikuwa akiuza mihogo na chai pale treni iliposimama. Hao watu walikuwa wateja wa mama yake. Anakumbuka nani alikopa na nani alilipa. Anakumbuka babu alikuwa akimletea mama yake maji ya moto kutoka kwenye kichwa cha treni ili asihangaike na kuni za chai.

Nikamuuliza siku ya mwisho ya treni ilikuwaje. Akasema hakukuwa na siku ya mwisho. Ilikuwa inakuja mara nyingi, ikawa inakuja mara chache, halafu mama akarudi nyumbani na mihogo yote.

Nimeandika majina sita kwa penseli, nyuma ya picha ya asili, kwenye pembe. Nimeacha nafasi ya la saba.

Mstaafu Tabora

Mwanangu, katika miaka yangu yote nimeona picha nyingi sana za vichwa vya treni, kwenye maofisi, kwenye vitabu vya wageni. Chini yake huandikwa namba ya kichwa, kiwanda, mwaka, na mahali. Watu waliosimama mbele hawaandikwi. Hii yako ni ya kwanza nimeiona ambayo namba ya kichwa haijulikani na watu wanajulikana. Usijisumbue sana na namba.

Lukuledi

Nakwenda Mkwaya Jumapili kuangalia kama zege la gati bado lipo. Nitapiga picha nikiwa nimesimama upande ule ule mikoko ilipo kwenye picha yako.

Nachi Damu

Mkuu Mwana Shangani, bibi yangu mzaa mama yuko hapa Stesheni. Alikuja Nachingwea akiwa mwari, mumewe akiwa kibarua wa genge la reli. Nimemsomea uzi huu wote jana usiku kwa sauti, na nilipofika kwa yule wa Newala aliyekuwa anaimba, akaniambia nirudie.

Njoo na nakala ya hiyo picha. Lakini uje kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana zikianza hakai nyumbani, anahamia shambani hadi msimu uishe.

Mwana Shangani

Jumamosi nipo kwenye basi la kwanza. Shangazi naye anakuja.